Kisimani Hapatekwi

Fimbo nimempa mjukuu wangu Fatma, pamoja na panga na kibuyu cha kukamulia. Magoti yangu ndiyo yaliyokata shauri, si mimi. Siku hiyo hiyo akaniambia, "Bibi, andika. Sisi tunaobaki na ng'ombe hatujui nusu ya unayoyajua." Nikamwambia nusu ni nyingi, nyinyi mnajua robo. Lakini nimekaa na nimeandika. Skuli sikwenda. Nilisoma chuoni nikahitimu Kur'ani, na herufi hizi nilijifundisha ukubwani, kwa kusoma magunia ya unga na mifuko ya sukari. Mkikuta neno limekwenda upande, msinililie. Ng'ombe hawakunililia.

Kwanza hilo jina la kazi yenyewe. Fatma anasema "kuchunga". Sisi Waamu twasema kutunga. Mwalimu wake alimwambia kutunga ni kazi ya washairi, akaja kuniuliza mimi nimetunga nini. Nimetunga ng'ombe, mwanangu, tena wana mapembe. Likumbukeni jambo hili, kwamba penye "cha" yenu mara nyingi sisi tuna "ta" yetu, kwa sababu huko mbele litakuja kuniletea balaa.

Nani alinisifu na nani alinipa ng'ombe wa nani, hayo yapiteni. Nitaanza pale nilipoanza.

Nilianza miaka ya hamsini, kwetu Matondoni. Baba yangu alikuwa fundi wa vyombo na hakupenda kitu chenye miguu minne, akisema mbao haili na wala haikimbii. Mimi nilikuwa nimeolewa na nimeachika, bado sina mtoto, na nyumbani walikuwa wameanza kuhesabu matonge yangu. Shangazi yangu Bi Esha, dada yake baba, alikuwa mjane mwenye ng'ombe, na majirani walimkabidhi wa kwao wachache. Akaja uani, akanitazama mikono badala ya uso, akasema, "Huyu nampata?" Baba akasema, "Mtukue." Ndiyo kuajiriwa kwangu huko.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Kaskazi, ule upepo wa kiangazi, ikipamba moto, kisiwa kinakauka. Majani yanakuwa kama nywele za mzee, na visima vinaingia chumvi mpaka ng'ombe anakunywa na kiu yake inazidi. Basi tunawavusha kwenda bara, kwenye uwanda tunaouita Mikomani, kwa ile miti ya mikoma iliyosimama pale. Tunakaa huko mpaka mvua za kwanza. Mvua zikija, mbung'o wanaamka msituni, na ng'ombe aliyeumwa na mbung'o anakonda huku anakula, kama mtu mwenye siri. Kwa hiyo tunarudi kisiwani, na huko majani yameshaota. Kila mwaka ni hivyo. Anayewaambia kwamba ng'ombe anakaa mahali pamoja hajamuona ng'ombe ila mchuzini.

Kuvuka ndiyo siku yangu ya kwanza, na nusura iwe ya mwisho. Tulivuka asubuhi, jua likiwa mgongoni. Sababu yake ni kwamba ng'ombe akipigwa na jua la macho anageuka, na akigeuka wa mbele wote wanageuka, wanazunguka majini kama watu wa msibani wasiojua kaburi liko wapi, mpaka wanazama. Yule wa mbele anashikwa pembe kwa mkono, kutoka kwenye mtumbwi. Hafungwi kamba. Mimi nilimfunga kamba, nilidhani naisaidia dunia. Shangazi akaikata kwa kisu kabla hatujafika katikati, na kisu kikapita karibu na kidole changu.

"Kidole kitaota?" nikamuuliza kwa hasira.

"Vidole unavyo tisa vingine," akasema. "Ng'ombe yule n'naye mmoya. Shika pembe."

Ndama tuliwapandisha mtumbwini. Miguu nyote mnajua kuifunga, lakini macho pia yafungeni kwa kanga. Ndama anayeona maji anamwita mama yake, na mama akisikia anataka kuingia mtumbwini naye.

Mikomani palikuwa na kisima kimoja tu cha maji matamu. Hakikuwa chetu. Wala hakikuwa cha Waorma, ambao kiangazi kikiwabana huko ndani walishuka na makundi yao makubwa mpaka pale pale. Babu zao na babu zetu walikichimba pamoja, kila mmoja akidai kwamba babu yake ndiye aliyefika kwenye maji. Malisho tuligawana kwa upande: wao machweo, sisi mapambazuko, na kati yake palikuwa pa ndama wa wote. Hapakuwa na ukuta wala alama. Ng'ombe wenu akikutwa upande wa pili anarudishwa akiwa amekamuliwa, na hakuna anayeuliza maziwa yamekwenda wapi.

Birika la kunyweshea lilikuwa la kwetu. Watu wa bara wanachonga gogo. Sisi ni watu wa Matondoni, tulipeleka mtumbwi mkuukuu ambao baba yangu aliukataa. Ulivutwa na punda mpaka kisimani, nyufa zikazibwa kwa kalafati, ukajazwa maji ndani badala ya nje. Baba alisema hicho ndicho chombo chake pekee ambacho hakijamletea lawama ya kuvuja.

Na kisima kilikuwa na sheria. Zamu, kila mtu anaijua: ndama kwanza, wanaonyonyesha, halafu wengine, kundi kwa kundi. Lakini shangazi alikuwa na sheria iliyozidi zamu. Kisimani hapatekwi. Kwa Kiswahili chenu, hapachekwi. Msishangae. Kiangazi ng'ombe wote wanaonyesha mbavu, na mwenye ng'ombe ana aibu kama mtu aliyetoka na nguo iliyochanika. Ukimcheka hapo, na kila mtu ana kiu na kila mtu ana fimbo, mchana hautaisha bila damu. Kwa hiyo anayecheka anapoteza zamu yake, anarudi nyuma ya wote. Wazee wa pande zote mbili waliikubali. Na kila mwaka, siku ya kufika, shangazi aliwasimulia tena wale Waorma sheria hiyo kwa lugha yao, maana alikuwa anaijua kama ya mama yake. Mimi lugha hiyo nilikuwa siijui hata kuomba chumvi.

Ukaja mwaka ambao shangazi aliumwa mguu. Ulivimba ukawa kama chungu, na mtu wa hali hiyo huwezi kumvusha. Akaniita kitandani.

"Utakwenda na Shee," akasema. Shee ni binamu yangu, mtu mzima, mpole, mwenye kutembea kama aliyesahau anakokwenda. "Na Mwanakwetu ana mimba kubwa. Akifa yule, na mimi nizikeni naye."

Mwanakwetu alikuwa ng'ombe wake wa damu, mweupe mwenye doa la hina usoni. Kundi lote lilitokana na bibi yake. Nikamwambia nimesikia. Tukavuka salama, na pembe niliishika kwa mkono.

Mwaka huo walioshuka Mikomani si wale wa kila mwaka. Ilikuwa ni jamaa nyingine ya Waorma, wametoka mbali zaidi, na mkubwa wao aliitwa Mzee Barisa. Alikuwa mrefu, mkavu, ndevu zimetiwa hina, na Kiswahili alikijua kwa kuuza ng'ombe Malindi na kwenye maduka ya bara. Alikuwa na mke wa mwanawe, Hawo, umri wangu au karibu. Siku ya kwanza tulisalimiana vizuri, salamu za Kiislamu, habari za mvua, habari za majani. Sheria sikuisema. Niliona watu wazima hawa, kisima wanakijua.

Siku ya pili Mwanakwetu, kwa ule uzito wake, aliingiza mguu kwenye birika. Halafu wa pili. Halafu akasimama ndani ya mtumbwi, mweupe, tumbo huku na huku, kama nahodha. Hawo alikuwa upande wa pili anangoja zamu. Akasema neno kwa lugha yake, wenziwe wakaangusha kicheko, na yeye mwenyewe akashika mbavu.

Nilichomeka. Nikapiga kelele, "Hapa hapatekwi! Mwenye kuteka hana zamu!"

Kicheko kikakatika. Mzee Barisa akaja taratibu.

"Binti, umesema hatuteki?"

"Hamteki."

"Hapa kisimani?"

"Hapo hapo kisimani. Tangu wazee."

"Tangu wazee," akasema. "Wazee wa nani?"

"Wazee wa wote. Aloteka naondoke."

Akainamisha kichwa, akawaita watu wake, wakaondoka na kundi lao lote, halijanywa hata tone. Mimi nikamwambia Shee, "Umeona? Wale ni watu wenye adabu. Wamekosa mmoja, wameondoka wote." Shee akasema adabu ile imezidi kidogo. Nikamwambia anyweshe ng'ombe, aache maneno.

Kulipokucha tukaja kisimani tukakuta kimezungushiwa miiba. Miiba mizuri, ya kazi, iliyopangwa na watu wanaojua. Vijana watatu wamekaa na mikuki. Mzee Barisa kakaa mbele yao juu ya kigoda.

"Nini hii?" nikauliza.

"Umesema sisi hatuteki. Basi hapa hateki mtu."

Nikaona mambo ya ajabu. Mtu kakatazwa kucheka, anafunga kisima? "Yaani mumekasirika kwa ajili ya kuteka?"

"Kwa ajili ya kuteka."

"Mzee wangu, kwani kuteka ni lazima? Si mteke kwenu huko mkirudi! Hapa ni pahala pa heshima."

Kijana mmoja akasimama na mkuki wake. Shee akanivuta kwa kanga, akaniambia kwa sauti ndogo, "Twende, binti ami, kabla hujatuua."

Siku hiyo ng'ombe walilala bila maji. Kesho yake wakaanza kulamba umande kwenye majani, na kaskazi umande ni hadithi tu. Mwanakwetu alikaa chini na hakutaka kuinuka. Pua ilikuwa kavu, na ng'ombe mwenye pua kavu na mimba ya miezi yote msimuulize anakwenda wapi. Kurudi kisiwani hatukuweza, kwa kuwa aliyedhoofika haogelei mkondo ule. Moyoni nilimuona shangazi kitandani na mguu wake, anangoja.

Shee akasema, "Mimi navuka kwenda mjini kwa wakubwa wa serikali. Watakuja askari, watatoa miiba."

"Na mwaka ujao?"

"Mwaka ujao mbali."

"Si mbali. Wakitolewa kwa bunduki leo, mwaka ujao wataingia upande wetu na makundi yao, na sisi na fimbo zetu tutafanya nini? Utamlisha ng'ombe mtanga? Huo uwanda ni wa watu wawili, Shee. Mmoja akikosekana si uwanda tena, ni vita."

"Basi wewe fanya ufanyalo," akasema, akakaa kivulini. Hiyo ndiyo sifa ya Shee. Ukimkataza anakatazika.

Nilichukua kibuyu kitupu nikaenda kwenye kambi yao peke yangu, jua limepanda. Jifunzeni hili: kwa wafugaji ukienda na mikono mitupu wewe ni mpelelezi, ukienda na chombo kitupu wewe ni mgeni. Hawo alikuwa anakamua. Aliniona, akanuna, akaendelea. Alipomaliza akachukua kibuyu changu, akakijaza, akanirudishia. Hasira ni hasira, na mgeni ni mgeni. Nikanywa, kwa kuwa nilikuwa na ndaa na kiu vyote.

"Ahsante," nikamwambia. "Jana mumefunga mai, leo mwanipa maziwa."

"Maziwa ni yangu," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mkwewe. "Maji umesema ni yako."

"Mimi? Lini?"

"Ulisema tusiteke."

"Ndiyo, musiteke! Ng'ombe wangu kakwama, nawe wateka, washika na mbavu!"

Akanitazama. "Nimeteka nini? Mimi ndoo sijaigusa siku ile. Nilikuwa nangoja zamu."

"Ndoo ya nini?"

"Ya kutekea!"

Watu wa kambi walikuwa wameshasogea, wanaume kwa wanawake, na Mzee Barisa katikati. Ndipo likanipita kichwani kama mtu aliyefungua dirisha. Kwetu kuteka ni kucheka, na kuteka maji nako ni kuteka. Sisi wenyewe hatupotei, ulimi wetu haukai pahala pamoja kwa maneno hayo mawili, na mtoto wa Matondoni anayasikia mbalimbali kama mbuzi na kondoo. Lakini mtu aliyenunua Kiswahili chake dukani Malindi atasikia moja.

Sikuwa na neno lingine la kumueleza. Lile la "cha" nilikuwa nimelisikia kwa wageni mjini, lakini hapo, mbele ya mikuki, lilinikimbia. Basi nikaweka kibuyu chini, nikashika mbavu, na nikacheka. Ha ha ha! Kwa nguvu, peke yangu, katikati ya watu waliokasirika.

Hakuna aliyetikisika. Mtoto mmoja akaanza kulia. Nikacheka tena, zaidi, nikamuonyesha Hawo kwa kidole. "Hiko! Hiko ndiko kuteka!"

Mzee Barisa akamuuliza Hawo, "Huyu ana wazimu?"

Hawo alikuwa ananitazama mdomo. "Kucheka?" akasema polepole.

"Ndiko kuteka kwetu."

"Na kutoa maji kisimani mwaitaje?"

"Kuteka."

"Kwa hiyo ulitukataza kucheka."

"Kisimani tu! Kwengine tekani mpaka mufe."

Mzee Barisa akauliza tumesema nini, Hawo akamueleza kwa lugha yao, marefu, na mikono. Nikaona ndevu za hina zinatikisika kidogo. Akaniambia, "Binti, nyinyi watu wa bahari mna maji mengi na maneno machache."

"Sisi maneno tunayo," nikamwambia. "Nyinyi ndio munaochukua moja na kuondoka."

Hapo Hawo akaanguka. Akacheka mpaka akakaa chini, wanawake wakafuata, vijana wa mikuki wakafuata, na mimi nikacheka kicheko cha kweli sasa, chenye machozi, kwa kuwa nilikuwa nimekunywa na Mwanakwetu hajanywa.

Miiba aliitoa Mzee Barisa kwa mikono yake, hakumruhusu kijana kumsaidia. Mwanakwetu hakuweza kutembea. Tulimpelekea maji pale alipolala, Hawo ndoo moja na mimi ndoo moja, tukimtilia mdomoni kidogo kidogo. Mkimkuta ng'ombe wa kiu msimpe maji mengi kwa mara moja, atavimba afe mbele yenu akiwa ameshiba. Jua lilipopinduka akainuka. Akazaa jioni ile, ndama jike, mwenye doa la hina. Hawo ndiye aliyemvuta miguu, maana mikono yake ilikuwa myembamba kuliko yangu. Tukamuita Teko.

Nilipomsimulia shangazi, alinisikiliza mpaka mwisho, mguu juu ya mto. Halafu akasema, "Si nilikwambia uwaambie kwa lugha yao?"

"Hukuniambia."

"Nilikwambia."

Hakuniambia. Amekufa, Mungu amrehemu, na bado hakuniambia. Mimi sikukosa siku ile. Niliisema sheria kama nilivyoisikia. Neno ndilo lililokosa. Lakini baada ya hapo nilijifunza lugha ya Waorma, mwaka kwa mwaka, kwa Hawo, tukikaa kati ya pande mbili pamoja na ndama. Neno lao la kucheka ndilo la kwanza alilonifunza. Siliandiki hapa, herufi zangu hazilitoshi. Nendeni mkamuulize mwenyewe. Na nyinyi mnaobaki, ndio ushauri wangu mkubwa kuliko wa kamba na wa macho ya ndama: kabla hamjagawana majani na mtu, gawaneni maneno.

Miaka mingi imepita kati ya hapo na leo, na kusema kweli ilifanana. Tulivuka, tukarudi. Kuna ng'ombe walioliwa na simba, kuna aliyeibwa. Mtumbwi wa baba ulioza, tukajenga birika la saruji, baya, lakini ng'ombe haingii ndani. Kizazi cha Teko kimejaa pande zote mbili za uwanda. Ukiona doa la hina usoni, ndiyo huyo.

Kaskazi hii ndiyo niliyovuka mara ya mwisho, kumkabidhi Fatma kisima. Hawo alikuwepo. Sasa ni bibi kama mimi, meno amebaki nayo ya kuhesabika, analetwa na wajukuu. Tulikaa karibu na birika tukingoja zamu yetu, kila mmoja na ndoo yake, na fimbo zetu zimelala. Akaja ng'ombe wa Fatma, mweupe, mwenye doa, mnene wa mimba. Akasimama mbele ya lile birika la saruji. Akalitazama. Akanyanyua mguu mmoja, akaushikilia juu, kama anayekumbuka jambo aliloambiwa na bibi yake.

Sikumtazama Hawo. Nilijua nikimtazama imekwisha. Nikamtazama.

Fatma alitukuta tumeshikana mabega, machozi yanatiririka, hatuwezi kusema. Wale Waorma vijana walikuwa wamesimama wanatutazama, na sheria wanaijua, walifundishwa na Hawo. Kundi la nyuma yetu likapita mbele.

"Bibi!" Fatma akasema, kwa aibu. "Zamu imewapita. Hata hamjateka!"

"Tumeshateka, mwanangu," nikamwambia. "Teka wewe."